Mguu wa Nne

Kila kiangazi, mtama ukishaingia ghalani,
bibi yangu Dorsila alimchora mamba
kwenye kiambaza cha nyumba yake, huko Seme:
ngeu kwa mgongo, jivu kwa tumbo,
udongo mweupe wa mtoni kwa meno,
kidole cha shahada ndicho brashi.
Miguu mitatu.
Hapo alinawa mikono, akaingia jikoni.

Mvua za Machi zilimyeyusha kuanzia mkia.
Tulimtazama akishuka ukutani tone kwa tone,
akirudi ziwani kupitia shimo la kuku.
Mwaka uliofuata yuko pale pale.
Miguu mitatu.

Shangazi Wilkista akamhamishia kwenye kitambaa,
uzi wa kijani, sindano ya umoja wa akina mama,
akamlaza mgongoni mwa kochi.
Wageni walimwegemea wakinywa chai.
Mke wa kasisi akahesabu: moja, mbili, tatu.
"Huyu amekatwa na dhambi," akasema,
akachukua andazi la pili.

Mjomba Zablon naye akampaka kwenye pazia la studio,
Kisumu, juu ya duka la magodoro,
chini ya ndege ambayo haikuruka miaka ishirini na sita.
Maharusi walisimama juu ya mkia wake.
Askari mmoja, kesho yake anapelekwa Garissa,
aliomba apigwe karibu na meno.
"Na mguu?"
"Kiboko aliung'oa," mjomba alijibu,
na kila mteja alipewa kiboko mkubwa zaidi.
Hasi zake ninazo kwenye kopo la biskuti.
Ukiziinua dirishani, usiku wa pazia ni mchana,
na maharusi wanacheka kwa meno meusi.

Nilikuwa na miaka kumi na minane
nilipompeleka bibi Kombewa, kitambulisho kimepotea.
Karani akauliza: ulizaliwa lini?
Bibi akasema: mamba alipofika mguu wa tatu.
Karani akaweka kalamu chini.

Mama alikuwa ukutani, akasema, ngeu kiganjani,
mguu mmoja bado,
uchungu ukamshika kiunoni kama mkono wa mtu.
Vidole vyake viliteleza ukutani hadi chini.
Nilipokelewa hapo hapo, juu ya gunia.
Yeye walimzika kabla ukuta haujakauka.
Aliyenilea ndiye aliyenifundisha kuchora,
na ndiye aliyenionyesha
wapi pa kuacha.

Foleni nzima ilikuwa imenyamaza.
Karani akaandika: tarehe moja Januari.

Siku ya kumzika bibi tulivaa fulana zenye picha yake.
Fundi wa kuchapa alibakiwa na nafasi kifuani,
akatuuliza tuweke nini, ua au msalaba.
Wilkista akamfungulia kitambaa.

Leo ukuta ni wa matofali, rangi ya krimu, haushiki udongo.
Binti yangu Apondi anamchora mamba
kwenye kioo cha simu, kwa kidole,
kidole kile kile.
Anafika mguu wa tatu, anainua mkono,
na simu, kwa adabu ya mgeni asiyeambiwa kitu,
inamkamilishia:
mguu wa nne, kucha, hata kivuli chake.

"Mzuri, mama?"
Mzuri sana.
Sasa anaweza kuondoka.

"Ufute huo."
"Kwa nini?"

Nafungua kopo la biskuti. Nalifunga.
Hasi haisemi, wala uzi hausemi,
vinangoja mtu avute kigoda.
Navuta kigoda.
Mama yake bibi yangu, naanza, alikuwa ukutani,
ngeu kiganjani.

Kufikia gunia ameshaanza kufuta, polepole,
kama anayempangusa mtoto uso,
hadi pale pa mguu pamebaki weupe tu.

Simu inauliza: Umemaliza?
Apondi ananitazama.
Juu ya bati, mvua inaanza.